Shimo la Kumi ni la Bwana

Hilda alirudi kwao kisiwani Savo siku ya Jumamosi, mtumbwi wa injini umesheheni mabegi yake matatu, cherehani ya mkono na godoro lililofungwa nailoni lisilowe. Alikuwa ameondoka kisiwani akiwa msichana wa miaka kumi na tisa kwenda mjini Honiara kupika katika shule ya bweni, na huko akapika mpaka miguu ikaanza kumlalamikia. Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kumwachia nyumba, shamba la viazi, na kipande cha mchanga wa moto nyuma ya kanisa.

Ndugu yake Casper, mtoto wa mama yake mdogo, ndiye aliyempokea ufukweni.

"Dada! Umehama na Honiara nzima?"

"Na wewe umekuja na mikono miwili tu? Beba hilo godoro."

Casper alicheka, meno mekundu kwa tambuu, akalitupia godoro begani. Mkono wake wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kwapani, ulikuwa na vikovu vidogo vidogo vya kuungua. Ndivyo ilivyo mikono ya wachimbaji wote wa mchanga ule.

Asubuhi ya Jumapili kengele ililia. Ilikuwa ile ile ya zamani, ganda la bomu lililoachwa na vita vya wazungu na Wajapani, limening'inizwa kwa mnyororo na hupigwa kwa kipande cha chuma. Hilda alivaa gauni lake jeupe akaenda kuketi benchi la tatu, mahali pa mama yake. Padri Dudley alikuwa kijana mpole mwenye sauti ndogo, lakini Hilda alimsikia neno kwa neno. Alisikia hata kurasa zikigeuzwa. Akawa hana raha na hajui kwa nini. Kuna kitu kilikosekana, kama mtu anapoingia nyumba aliyoizoea akakuta wameondoa kabati.

Katika somo la pili ndipo alipotambua. Kanisa lilikuwa kimya.

Zamani hapakuwa na ukimya pale. Nyuma ya kanisa kuna uwanja wa mchanga mweusi ambao mlima unaupasha moto kwa chini, mchana na usiku, na kila alfajiri kuku-mchanga walikuwa wakishuka kutoka msituni kuja kutaga. Ni ndege wa rangi ya majivu yaliyolowa, wakubwa kama kuku tembe, miguu yao mikubwa kuliko heshima yao. Walikuja kwa mamia. Kila mmoja alifukua shimo mpaka akazama mzima, akataga yai moja, akalifukia, akarudi zake mlimani asigeuke tena kulitazama. Joto la ardhi ndilo lililoatamia. Na kwa kuwa kila ndege alitaka shimo la mwenzake, waligombana kwa sauti za kukera, kro-kro-kro, mpaka mtu aliyesoma sala alilazimika kuikaza shingo ili benchi la nyuma lipate kitu.

Hilda alikuwa amerudi mara nyingi katika miaka hiyo yote, lakini alirudi Krismasi, wakati wa magitaa na mpira, au alirudi kwenye misiba. Mgeni wa siku nne hasikii kilichonyamaza.

Ibada ilipokwisha alizunguka nyuma ya kanisa. Ua wa fito uliogawa vipande vya kila ukoo ulikuwa umeoza na kulala chini. Mchanga wote ulikuwa mashimo juu ya mashimo, na katika moja ya mashimo hayo zilionekana nyayo mbili za mtu na makalio yaliyovaa kaptura ya bluu.

"Casper!"

"Naam, dada." Sauti ilitoka ardhini.

"Leo Jumapili!"

"Ndege nao wana kalenda?"

"Baba angekukuta humo..."

Casper alijitoa kinyumenyume, mchanga umemjaa nyusi. "Baba mkubwa, Mungu amrehemu, hakuwa na mtoto wa sekondari."

"Alikuwa na mimi."

"Basi wewe ulikuwa unakula kidogo." Akafuta uso. Pembeni yake, juu ya jani la mgomba, kulikuwa na mayai mawili.

"Umeanza saa ngapi?"

"Kulipopambazuka."

"Na umepata mawili."

Casper aligeuka. Aliokota kifuu chake cha nazi akarudi shimoni kichwa mbele, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tangu siku ile baba yake alikuwa hamtoki Hilda akilini. Akichota maji, yupo. Akimenya viazi, yupo. Selwyn, katekista, mtu mwembamba wa maneno machache, mwenye kaptura moja nyeupe ya ibada ambayo mama aliifua kila Jumamosi na kuilaza chini ya godoro ipate mikunjo. Alikuwa ametoka upande wa pili wa kisiwa akaoa pale, na kwa kuwa pale ardhi hufuata tumbo la mama, alichimba mchanga wa mkewe kama mwanamume mwingine yeyote. Ila hakuchimba kama wao.

Kwanza hakugusa mchanga bila kusimama ukingoni, kofia mkononi, akasali. Sala yenyewe ilikuwa fupi. Hilda aliikumbuka mpaka leo: "Bwana, tunaingia nyumbani kwako, utusamehe kwa miguu yetu." Halafu walichimba, yeye akitangulia na Hilda nyuma na kikapu, harufu ya salfa ikishuka kutoka mlimani, mchanga ukichoma nyayo mpaka mtoto anasimama kwa mguu mmoja mmoja kama korongo. Baba alilala kifudifudi, akaingiza mkono mzima, akapapasa huku amefumba macho, na uso wake ulipolegea Hilda alijua kwamba kidole kimegusa ganda. Yai lilitoka la moto kama limeiva tayari. Alilitia mkononi mwa Hilda na yeye akalibusu, kwa mchezo tu, kisha kikapuni.

Walihesabu mashimo kwa kokoto. Wakifika la kumi, hata kama nyayo za ndege ni mbichi, hata kama nyumbani kuna wageni, baba alilisawazisha kwa kiganja, akaweka juu yake makuti mawili yaliyopishana msalaba.

"Hili ni shimo la Bwana," alisema.

Siku moja Hilda aliuliza, "Bwana atalipikia wapi?"

"Bwana hali mayai, mwanangu. Yeye huyaangua."

Na watu wazima walipolalamika, maana walikuwepo waliolalamika, aliwajibu kwa upole ule ule. Hilda alimsikia mara moja akimwambia mtu mmoja aliyekuja juu kwa hasira: "Mtazame ndege huyu. Anataga, anafukia, anakwenda zake. Mama gani mwingine anaweza? Mimi na ukatekista wangu siwezi. Amemwamini Mungu na mchanga, basi. Sasa sisi tukifukua mpaka la mwisho, tutakuwa tumemfanya Mungu mwongo mbele ya ndege." Yule mtu alifungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Wengi wao walilishika neno lake. Si kwa sababu waliogopa kipigo, hakuna aliyepigwa. Bali kwa sababu mtu aliyekula shimo la Bwana alipaswa kukaa benchi moja na katekista siku ya Jumapili, na katekista angemwuliza habari za watoto wake kwa mapenzi yote. Hiyo ilitosha kumtia mtu jasho.

Lakini jambo ambalo watoto walilipenda zaidi kuhusu baba yake ni kwamba hakula mayai. Mama aliyapiga, akayatia ndani ya mianzi pamoja na tui, akaichoma juu ya makaa mpaka harufu ikawaita majirani. Baba alipasua mwanzi wake, akaukata mkate ule wa njano vipande viwili, akavisogeza vyote kwa Hilda.

"Mimi na mayai hatupatani," alisema.

Watoto wa jirani walimtania Hilda: "Katekista anaogopa yai! Katekista anaogopa yai!" Naye aliwatupia kokoto, lakini fungu la baba alilila.

Isipokuwa asubuhi moja. Hilda alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa mbele akiongoza Sala ya Asubuhi, na ndege nyuma ya kanisa walikuwa wameamka na wazimu. Alipandisha sauti. Nao wakapandisha. Akapandisha tena, mishipa ya shingo ikamtoka, nao wakamzidi, kro-kro-kro, kama wanamjibu. Baba akanyamaza katikati ya sentensi. Akaweka kitabu chini. Akaanza kucheka, kicheko ambacho Hilda hakuwahi kukisikia kwake, kicheko cha mvulana. Na watu wazima wakacheka, na baadhi yao wakafuta machozi, na mama mdogo Mabel akapiga kigelegele humo humo kanisani. Walipofika nyumbani baba aliketi, akapasua mwanzi, akala. Alikula taratibu, macho yamefumba.

"Baba! Unakula yai?"

"Leo tumepatana," alisema.

Hilda alilibeba jambo hilo miaka yote bila kulielewa, kama mtu anavyobeba ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Baba alifariki Hilda akiwa na miaka thelathini, akiwa jikoni Honiara, na hakupata kumwuliza.

Wiki kadhaa baada ya kurudi kwake ikaja sikukuu ya mtakatifu wa kanisa lao, na akina mama wa Umoja wao wa kanisa wakakusanyika jikoni nyuma ya nyumba ya padri kutengeneza mkate wa muhogo. Wengine walikuna muhogo, wengine walikamua tui, wengine walilainisha majani ya mgomba motoni. Mama mdogo Mabel, mama yake Casper, alikuwa ameketi juu ya kinu kilichogeuzwa, akitwanga tambuu yake kwenye kigae kwa sababu meno ya kutafunia hakuwa nayo tena. Miaka yake ilikuwa sabini na tatu na ulimi wake ulikuwa mchanga kuliko miaka hiyo.

"Mayai yako wapi?" aliuliza Hilda.

Mtu akamwonyesha bakuli. Yalikuwa sita, kwa sufuria ambayo zamani ilimeza kikapu.

"Haya ni ya kupaka juu?"

"Haya ndiyo yote," alisema mmoja. "Na mume wangu amechimba siku tatu."

"Mumeo anachimba au analala shimoni? Kuna joto kule," alisema Mabel, na wanawake wakacheka. Hilda hakucheka. Akaanza kusema juu ya shimo la Bwana, juu ya makuti mawili, juu ya kokoto, na kadiri alivyosema wale wenye umri wake wakawa wanaitikia: naam, naam, mimi nakumbuka, mama yangu alinichapa kwa hilo. Wale vijana walisikiliza kama wanaosimuliwa habari za nchi nyingine.

"Mimi nililiiba moja," alisema Mabel.

"Mama mdogo!"

"Nini? Nilikuwa na mimba ya dada yake Casper, mimba ina njaa yake. Baba yako akanikuta nimeingiza mkono mpaka hapa. Nikasema, sasa nimekwisha. Akachuchumaa akaniambia, shemeji, lirudishe, halafu njoo nyumbani ule fungu langu, mimi silili. Nikaenda. Nikala na aibu yangu."

"Hakuyapenda mayai," alisema Hilda.

Mabel aliacha kutwanga. "Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe. Kila siku."

"Ee, Hilda." Mabel alikiweka kigae magotini. "Yule mtu alipenda mayai kuliko wote mahali hapa. Kabla ya kimbunga alikuwa anakula manne kwa mara moja, dada yangu anamfokea."

Mwanamke mmoja akachochea moto.

"Ulikuwa na miaka minne," alisema Mabel. "Kimbunga kilipopita, viazi vilioza ardhini, minazi ikakatika vichwa, meli haikuja. Watoto walilia mpaka wakaacha kulia, na hapo ndipo tulipoogopa. Baba yako akasimama ukingoni mwa mchanga akasema, chimbeni. Wakamwuliza, na mashimo ya Bwana? Akasema, na ya Bwana. Bwana hataki mtoto afe kwa heshima yake. Basi tukachimba. Tulichimba yote, Hilda, hatukubakisha. Wewe mwenyewe uliponea hapo."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Mwaka uliofuata ndege wakaja wachache, unawahesabu kwa vidole. Baba yako akasimama mbele ya kanisa akasema: niliyesema chimbeni ni mimi, kwa hiyo nitakayengoja ni mimi. Sitakula yai mpaka siku ndege watakaponinyamazisha humu ndani nikisali. Na akatukataza tusiwaambie watoto. Alisema mtoto akijua, yai halitashuka kooni. Basi alingoja miaka saba. Miaka saba anakupa fungu lake na kukudanganya, yeye ambaye hakuwahi kumdanganya mtu."

Hilda alikuwa ameshika jani la mgomba juu ya moto, na jani lilikuwa limeanza kuungua. Akaliona tena kanisa la zamani, lenye paa la majani ya mti wa sago, na baba mbele amenyamaza, na shingo yake nyembamba, na kile kicheko. Akasikia tena ladha ya mwanzi na tui na moshi, mafungu yote yale aliyoyala akiwa mtoto, akilamba vidole.

"Moshi," alisema, akijifuta macho kwa bega.

"Moshi," walikubali wanawake, na hakuna aliyemtazama.

Mabel akakichukua tena kigae chake. "Sasa niambieni. Vipande vya mchanga kule nyuma ni vya nani?"

Wanawake wakatazamana.

"Nimeuliza. Kuchimba wanachimba wanaume. Lakini vya nani?"

"Vyetu," alisema mmoja, kama anayejaribu neno mdomoni.

"Basi!" Mabel akarudia kutwanga tambuu yake kwa nguvu.

Walibishana mpaka mikate ikaiva. Wengine walitaka kuufunga uwanja wa mchanga Jumapili tu. Wengine walisema Kwaresima nzima, siku arobaini, waufungue Pasaka. Mabel akasema kifaranga hakijui Pasaka ni lini, yai linataka mchanga wake miezi miwili na zaidi, kama ni kufunga wafunge mpaka Pentekoste. Mwanamke mmoja mwenye watoto sita aliuliza watakula nini, na hilo hawakulitania. Walikubaliana kwamba mashamba ya viazi ya wenye nguvu yatawalisha wasio na nguvu, na kwamba kila Jumatano watavua pamoja. Hawakukubaliana wote. Wawili waliondoka wamenuna, na mmoja wao hajarudi kwenye Umoja hadi leo.

Walikwenda kwa Padri Dudley wakiwa ishirini. Yule kijana alisikiliza, akaogopa kidogo, akakubali. Jumatano ya Majivu, baada ya kupaka watu majivu kwenye paji la uso, alitoka nje na kibakuli chake, akina mama wakamfuata, na akapaka msalaba wa majivu kwenye kila nguzo ya ua mpya waliousimamisha kuzunguka mchanga. Hilda alisimama ukingoni. Alikuwa hana kofia ya kuvua, akavua viatu, akasema sala ya baba yake kwa sauti.

Wanaume walisimama mbali, mikono kifuani.

"Kwa hiyo sasa tunafunga sisi ili ndege washibe," alisema Casper.

"Utavua samaki," alisema mama yake.

"Mimi? Samaki wananijua, wanacheka."

"Basi uwafurahishe."

Aliondoka akipiga mateke vifuu. Siku zilizofuata alivua kweli, na alirudi na vitu ambavyo mama yake alimwuliza kama ni samaki au ni chambo. Kijiji kilimcheka. Lakini Hilda alimwona akirudi jioni, mabega yamelegea, akipita mbele ya nyumba yake bila kusalimu, na hilo lilimuuma. Alikuwa anampenda Casper. Alijua pia kwamba kule upande wa pili wa kijito, kijiji cha jirani kiliendelea kuchimba na kupeleka mayai sokoni kila Ijumaa, na Casper aliyaona makapu yao yakipita.

Wiki ya tatu ya Kwaresima, kulipokuwa kumeanza kupambazuka, Hilda alikwenda uwanjani kama alivyozoea kutazama nguzo. Akaona nyayo mbili zimetokeza ardhini. Zilikuwa ndani ya kipande chake mwenyewe, cha mama yake.

Alisimama. Alitaka kupiga kelele, akafikiri juu ya baba yake amechuchumaa mbele ya mwanamke mwenye mimba. Akachuchumaa.

"Casper. Toka, utaungua kichwa."

Hakutoka mara moja. Alipotoka hakumtazama. Aliketi kwenye mchanga, magoti juu, mkono wake mwekundu umelala kando yake kama kitu kisicho chake.

"Mtoto anataka viatu vya shule," alisema.

"Ungeniambia."

"Nikwambie wewe, dada? Kwamba siwezi?" Akapangusa magoti. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Hakuna kitu humu."

"Unasemaje?"

"Nimechimba matatu. Lako, la mama, na lile la pale pembeni, ambalo halijawahi kunyima. Wiki tatu hakuna aliyegusa. Nilisema leo nitajaza kikapu." Akafungua kiganja, kilikuwa na mchanga tu. "Nilidhani wapo, wanachelewa tu. Kila mwaka nasema wanachelewa. Dada, hawapo."

Hilda alikisogeza kikapu kitupu kando. Aliketi kando yake, mchanga ukimchoma mapaja kupitia gauni, wakatazama mlimani. Mara wakashuka ndege wawili, kisha watano, kisha hakuna zaidi. Watano wakatembea mchangani kwa uangalifu, wakawatazama watu wale wawili, wakasogea upande wa pili kwenda kufukua. Casper aliwahesabu kwa midomo bila sauti.

"Ulipokuwa mdogo," aliuliza, "walikuwa wangapi?"

"Hatukuweza kuhesabu. Baba alishindwa kusali."

"Mimi nakumbuka kidogo tu. Nilidhani nimeota."

Akainuka, akasawazisha yale mashimo matatu kwa kiganja, kwa makini zaidi kuliko ilivyohitajika. Asubuhi hiyo hiyo alikata fito mpya, akaanza kuziba sehemu ya ua iliyokuwa imelegea upande wa kijito. Hilda alimletea viazi na chai, na kabla ya jioni alitoa kwenye begi lake gauni la kitambaa kizuri ambalo hakulihitaji, akalifumua, akashona sare mbili za shule kwa binti yake Casper. Viatu walivipata kwa mjukuu wa jirani aliyekuwa amekua vikambana.

Pasaka ilipita bila mayai. Watu walinung'unika. Mara mbili ua ulikutwa umevunjwa, na hakuna aliyesema nani. Wengine walisema Hilda amekuja na mambo ya mjini, neno lililomchekesha, maana hilo ndilo jambo pekee alilokuja nalo ambalo halikutoka mjini. Padri Dudley aliwaendea wazee wa kijiji cha jirani mara tatu. Mara ya tatu walimkaribisha chai, wakasema watafikiria kuacha kuchimba Jumapili. Jumapili tu. Akina mama walisema ni mwanzo.

Wiki moja kabla ya Pentekoste Hilda alikuwa mlangoni kwake akishona, mchana kweupe, aliposikia mtu anakimbia. Alikuwa Casper, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano na kitambi chake, anakimbia kama nyumba inaungua.

"Dada! Dada!"

"Nani amekufa?"

"Hakuna! Njoo! Hapana, usije, kameshaondoka." Alishika nguzo ya baraza, akahema. "Nilikuwa nafunga fito. Mchanga ukacheza. Nikasema ni kaa. Kikatoka kichwa, dada. Kichwa! Kikajitikisa, kikaniangalia mimi, hivi, kama mimi ndiye niliyechelewa. Kikatoka kizima, na mabawa. Kifaranga cha leo, na mabawa yake yamekamilika! Kikakimbia hatua nne, tano, kikaruka. Kikaruka kikaenda msituni peke yake!"

"Naam. Ndivyo wanavyofanya."

"Wewe umewahi kuona?"

"Baba alinionyesha."

Casper alijitupa chini kwenye ngazi. Alikuwa anachimba mchanga ule tangu ana miaka minane. Alilijua yai kwa uzito, kwa joto, kwa sauti ya ganda likigongwa kwa ukucha. Aliweza kukwambia lina siku ngapi.

"Mimi sijawahi," alisema. "Hata mara moja. Nilijua wanaanguliwa, mtu anajua. Lakini sikuwahi kukiacha kimoja kifike." Akapangusa uso kwa mkono wake wenye vikovu, akabaki na alama ya mchanga mweusi shavuni. Kisha akasimama tena, hawezi kutulia. "Mama yuko wapi? Lazima nimwambie mama."

"Yuko kijitoni."

Akaondoka mbio, akimwita mama yake kama alivyomwita utotoni, na Hilda akamsikia sauti ikishuka kuelekea majini, ikianza kusimulia kabla hajafika.